Mkate wa Kageha

Simu ya Imali ilinikuta jikoni nikichagua mchele, na kwa kuwa namba sikuijua niliiacha ilie mara mbili kabla ya kufuta mikono. Alijitambulisha kwa adabu. "Anti, mimi ni Imali, binti ya Kageha wa Makongeni. Mlisoma naye." Kisha akanieleza. Mama yake alikuwa amefariki Jumanne, figo zilimshinda, na ibada ingefanyika Kayole kabla ya mwili kusafirishwa Vihiga. Walinipata kupitia kundi la WhatsApp la darasa letu, lile ambalo mimi husoma kila kitu wala siandiki chochote. "Nyanya amesema lazima wewe ndio uongee kwa niaba ya wale walisoma na mama," akaniambia. "Mama alikuwa anakutaja sana." Nilisema pole. Nilisema nitakuja. Kisha nikarudi kwenye mchele wangu nikauchagua tena wote, hata ule niliokuwa nimekwisha kuuchagua, kwa sababu kati ya watoto arobaini na tatu waliomaliza darasa la saba pamoja nasi mwaka wa 1981, mimi ndiye wa mwisho aliyestahili kusimama mbele ya jeneza la Kageha na kufungua mdomo.

Habari hii sijawahi kumsimulia mtu. Mume wangu alitangulia bila kuijua, na watoto wangu wananijua kama mama aliyewachapa kwa uongo kuliko kwa kosa lingine lolote. Wakikumbushana viboko vile hucheka, nami hucheka nao. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa mtoto wa kupenda kupendwa, na mtoto wa namna hiyo ni hatari kuliko mtukutu. Mtukutu utamwona akivunja dirisha. Mimi sikuvunja chochote. Nilikuwa kiranja, daftari zangu zilikuwa na majalada ya gazeti, na walimu walinituma ofisini kuchukua chaki.

Mwaka ule, mtihani ulipokwisha, shule ikawa haina la kutufundisha na haikutaka kutuachilia. Basi tulipewa kazi. Darasa la saba lilikuwa na desturi ya kurudisha madawati yakiwa meupe, na meupe maana yake ni meupe. Tuliyatoa nje tukayapanga chini ya ukuta, tukavunja chupa kuukuu, na kila mmoja akashika kipande cha kioo akaanza kukwangua wino, majina, na matusi ya miaka mitano. Ukikwangua vibaya kioo kinakukata, kwa hiyo siku zile nusu ya darasa ilikuwa na vitambaa vidoleni. Baadaye tulisugua kwa sabuni ya mche na mchanga, tukapaka sakafu ya darasa rangi nyekundu ya kung'arisha, tukaisugua kwa magunia tukiwa tumekaa juu yake wawili wawili na wengine wakituvuta. Alasiri tulikuwa na mazoezi ya kwaya ya siku ya kufunga, na katikati ya hayo yote tulipitishiana vitabu vidogo vya kumbukumbu, kila mtu amwandikie mwenzake ubeti wa kuagana na kumchorea ua pembeni. Kageha na mimi tulikwangua dawati moja, kwa kuwa tulikuwa tumelikalia tangu darasa la tano. Yeye alikuwa na mkono mzuri, mwepesi. Akimaliza upande wake alihamia wangu bila kusema kitu, na mwalimu alipopita akaona dawati letu limekuwa la kwanza, nilisimama wima na kupokea sifa kwa niaba yetu sote wawili.

Ile sifa ilikuwa na maana, kwa sababu ya sanduku. Kila mwaka kamati ya wazazi ilitoa zawadi moja kwa mwanafunzi wa darasa la saba mwenye tabia njema kuliko wote, na zawadi yenyewe ilikuwa sanduku la bati, kubwa, la samawati, lenye komeo mbili, aina ile ile ambayo shule za bweni hudai mtoto aje nayo. Mwaka ule mwalimu wetu, Mwalimu Mwende, mama mmoja Mkamba aliyevaa miwani iliyofungwa na uzi, alitangaza mapema kwamba jina lililopita kwenye kamati ni la Kageha. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, ili mtu yeyote asione kwamba nilitarajia jina langu. Sanduku lilikuwa tayari limewekwa ofisini, na fundi wa shule alikuwa amekwisha kuandika KAGEHA juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe. Nililiona kila nilipotumwa chaki.

Nyumbani kwao nilikuwa nikienda kila Jumamosi, kuvuka barabara ya Jogoo kutoka kwetu Bahati. Walikaa katika nyumba za reli, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua ya manjano, kitanda kimeinuliwa kwa matofali ili watoto wanne walale chini yake, na kabati lenye vikombe ambavyo havikutumika ila akija mchungaji. Mama yake alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja ambayo kwetu haikuwako. Aliyetoka mahali watu walikokula hakurudi mikono mitupu. Ukienda arusini, matangani, hata ukienda kwa jirani ukapewa viazi viwili, kimoja ulikula na kimoja ulikuja nacho, kwa sababu kuna waliobaki. Nilimsikia mama yake akimweleza jirani nyuma ya pazia, siku moja tukiwa tunachambua kunde. "Mtoto akikula peke yake akamaliza, huyo nimezaa mdomo tu." Mimi na Kageha tuliangaliana tukacheka. Nilipokuwa naondoka, mama yake alinifungia kunde kwenye karatasi nipeleke kwetu. Nilizipeleka, lakini njiani niliona aibu kubeba mboga za watu, nikazificha chini ya sweta.

Kambi ya darasa letu ilikuwa wiki moja kabla ya shule kufungwa. Tulikwenda siku tano kwenye shamba la misheni upande wa Limuru, tukiwa tumesimama ndani ya lori tukiimba mpaka sauti zikakauka. Mvua za Novemba zilikuwa zimeloanisha kila kitu. Wavulana walipewa mahema, wasichana tukalala kwenye bweni la shule ya misheni ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa. Chakula kilitoka kwetu: kila mtoto alikuja na unga, maharagwe na kikombe kimoja cha sukari, na sukari yote ikamiminwa kwenye mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia na kuwekwa stoo. Mwalimu Mwende alitazama huku na huku, akanivisha ufunguo wa stoo shingoni kwa kamba ya kiatu. "Huyu hawezi kuniangusha," akasema. Siku hizo tano nilitembea nikiushika ufunguo ule kwa vidole viwili, hata pale ambapo haukuwa ukining'inia vibaya.

Siku za kambi zilikuwa nzuri, na sipendi kusema hivyo lakini ni kweli. Tulijifunza kufunga mafundo, kusoma ramani, kuwasha moto kwa kuni mbichi. Tulipanda mlima mdogo na kutoka kileleni tukaiona Nairobi ikiwa mbali chini ya ukungu, na wavulana wakabishana ni upande gani ulio Bahati na ni upande gani ulio Jericho. Kila asubuhi tulikunywa uji na vipande viwili vya mkate. Jumatatu ile tuliyofika, tulipopewa uji wa kwanza, nilimwona Kageha akila kipande kimoja polepole, cha pili akakifunga kwenye karatasi ya nailoni na kukitia mfukoni mwa sweta. Jumanne akafanya vivyo hivyo. Jumatano tulichinjiwa mbuzi, kila mtoto akapata vipande viwili vya nyama, na Kageha akala kimoja, kingine akakichomeka kwenye kijiti akakikausha kando ya moto kwa chumvi huku akikigeuzageuza.

"Unaweka ya nani?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Ya kina Adagala. Waliniambia nikirudi bila kitu hawanifungulii mlango." Adagala alikuwa mdogo wake wa miaka sita.

"Mkate utaota ukungu."

"Si wataukausha. Mkate mkavu na chai, manze, hujui vile ni mtamu." Akalamba chumvi kidoleni. "Na yako unamaliza yote, Nyambu? Mathe yako hatauliza?"

Nilimwambia kwetu hawaulizi. Nikaitafuna nyama yangu yote mbele yake, na mfupa nikaunyonya.

Sasa nije kwenye sukari. Darasani mwetu alikuwamo msichana aliyeitwa Rosemary, ambaye baba yake alifanya kazi ofisini na walikaa Buruburu, katika zile nyumba mpya zenye choo ndani. Rosemary alikuwa na kundi lake la wasichana wanne, na kundi hilo halikuwahi kunihitaji kwa lolote. Kambini alikuja na mkebe wa maziwa ya unga. Jumatatu jioni, kabla ya chakula, alinifuata nyuma ya jiko. "Nyambu, si ni wewe uko na kifunguo? Tuletee sukari kidogo tuchanganye na maziwa. Kidogo tu. Na ukuje tukule na wewe." Hapakuwa na vitisho wala bei. Alinitaka tu niketi kwenye kitanda chake. Nilifungua stoo, nikachota sukari kwa kifuniko cha mkebe wangu wa mafuta ya kujipaka, nikapeleka, tukaketi wasichana sita tukilamba unga ule mtamu viganjani, na Rosemary akasema nina nywele nzuri. Jumanne nilichota mara mbili. Jumatano walileta kikombe, na nikakijaza. Zamu za jikoni zilikuwa na mkono mzito pia, nakubali, kila aliyepika uji alijipendelea. Lakini nilijua kwa macho yangu kiasi kilichoondoka mikononi mwangu, na Jumatano jioni nilipofunga ule mlango niliona bati la chini la mkebe likimetameta.

Alhamisi asubuhi uji ulipakuliwa bila sukari. Watoto walionja, wakatazamana, wengine wakauacha. Mwalimu Mwende alikwenda stoo mwenyewe akarudi na mkebe mikononi, akauinamisha ili tuone. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kila mtu alete mzigo wake hapa nje," akasema. Tukapanga mizigo yetu kwenye nyasi zenye umande, mistari miwili, naye akapita akifungua mmoja mmoja. Mkebe wa maziwa wa Rosemary ulikuwa mtupu na umeoshwa. Mfuko wa Kageha ulikuwa wa kitambaa, mama yake aliushona kwa kipande cha lile pazia la maua ya manjano. Mwalimu akauinua kwa pembe mbili, vikaanguka. Vipande vya mkate, mandazi mawili ya chai ya Jumanne jioni, ile nyama iliyokaukia kwenye kijiti. Mtu akacheka nyuma. Halafu wakacheka wengi.

"Hii ni nini, Kageha?"

"Ni chakula yangu, mwalimu. Sikuiba. Nilikuwa naweka."

"Unamwekea nani?"

"Watoto wa nyumbani."

Kicheko kikazidi, na Mwalimu Mwende akainua mkono wake kikakatika. Nadhani hata yeye hakuwa amekusudia kumdhulumu mtu. Alikuwa amesimama kwenye baridi na watoto arobaini na tatu wenye njaa, na mbele yake palikuwa na chakula kilichofichwa. "Anayeficha mkate hashindwi kuficha sukari," akasema. Kisha akanigeukia. "Nyambura. Zaidi yako, nani aliingia stoo?"

Kageha alikuwa ameingia. Siku iliyotangulia nililemewa na gunia la unga, nikamwita, akaja akashika upande wa pili tukalitoa. Hakuangalia hata mkebe wa sukari ulikuwa wapi.

"Kageha, mwalimu," nikasema. "Jana. Alinisaidia kutoa unga."

"Na unakaa naye wakati wa kula. Ulimwona akiweka chakula chake, au ulimwona akichukua cha wengine?"

Kageha alinitazama. Sitasahau vile alivyonitazama, kwa sababu hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa akingoja tu, kama mtu anayengojea arudishiwe kitu alichomwazima jirani. Nilijua jibu. Lakini niliona kwamba nikisema nilimwona akiweka, basi mwizi wa sukari atatafutwa upya, na mtu wa kwanza kutazamwa ni mwenye ufunguo. Rosemary alikuwa amesimama mbele yangu, akichunguza kucha zake.

"Sikuangalia, mwalimu," nikasema.

Ukiyapima maneno yangu ya asubuhi ile, uongo ulikuwa mmoja, na ulikuwa mdogo, wa maneno mawili. Lile la stoo lilikuwa kweli tupu. Kwa miaka mingi nilijifariji kwa hesabu hiyo. Nikiwa bafuni, au nimekaa kanisani wakati wa toba, nilijiambia kwamba sikumsingizia, niliulizwa nikajibu. Ni faraja ya kipumbavu na ninaona haya hata kuiandika. Uongo mkubwa ungeweza kukamatwa. Mimi niliuchagua ule mdogo kwa sababu hata nikiwa na miaka kumi na tatu nilikuwa na akili ya kutosha.

Shamba la misheni lilikuwa na nguruwe. Mwalimu alisema chakula kile kitiwe kwenye ndoo ya makombo na Kageha mwenyewe aipeleke. Kageha aliokota vipande vyake vyote, akavipangusa nyasi kimoja kimoja kabla ya kuvitia ndoo, jambo ambalo halikuwa na maana kwa nguruwe, na akaibeba kuvuka uwanja. Hakulia. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye ua, kisha Rosemary akanishika mkono akasema twende tukasuuze vikombe, nami nikaenda. Siku iliyobaki hakuna aliyekaa karibu na Kageha, na mimi nilihamia mkekani kwa kina Rosemary kana kwamba nilikuwa nimekaa hapo siku zote.

Ijumaa lori lilitushusha kwenye lango la shule. Wazazi walikuwa wachache, ni mchana wa kazi, lakini Adagala na ndugu zake wawili walikuwako, wamevuka barabara ya Jogoo peke yao. Walinijua, wakaja wakanisalimia kwanza, mkono mmoja mmoja, walivyofundishwa. Ndipo wakamkimbilia dada yao.

"Umetuletea nini?"

Kageha akawaonyesha viganja vyake vikiwa wazi. Adagala akacheka, akadhani ni mchezo, akaufungua ule mfuko wa pazia mwenyewe akatia mkono mpaka chini. Akautoa mkono, akautia tena.

"Ulimaliza yote?" akauliza.

"Nilimaliza," Kageha akasema. "Njaa ilinishika."

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale nikifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Mdogo yule wa miaka sita akamtazama dada yake na kutikisa kichwa kama mzee, na wakaondoka wanne, yeye akiwa mbele kabisa hataki kushikwa mkono.

Siku ya kufunga shule Kageha hakuja. Wengine walisema amepelekwa Vihiga kwa nyanya yake, wengine walisema anauguza alama za fimbo. Kwaya ilikosa sauti yake na hakuna aliyeitaja. Wazazi walikaa kwenye madawati yetu meupe chini ya jua, na mkuu wa shule akasoma zawadi moja baada ya nyingine, na ya tabia njema ikawa ya mwisho. Nilijua kabla ya kuitwa. Mwalimu Mwende alikuwa ameniambia siku mbili nyuma, akiwa ameniwekea mkono begani, kwamba kamati imekaa upya. Mama yangu alipiga vigelegele vitatu, vile vya kumpokea mtoto wa kike akizaliwa, na majirani wetu wa Bahati wakaitikia. Sanduku lilikuwa limepakwa rangi upya juu ya kifuniko na kuandikwa NYAMBURA. Fundi alikuwa na haraka, hakukwangua kwanza. Ukilitazama kwa upande, jua likipiga, herufi za chini zilionekana zimevimba, na ningeweza kuzisoma kwa kidole gizani bwenini kwa miaka minne niliyokaa nalo shule ya sekondari. Nilikuwa nikilitandika kitambaa. Wenzangu walidhani napenda mapambo.

Kageha alipita mtihani. Hilo nilikuja kulisikia baadaye, kwamba alipita kunishinda, lakini cheti cha kuacha shule kilikuwa kimeandikwa upande wa tabia maneno ambayo shule za bweni hazikuyapenda, akaishia shule ya harambee, ya michango ya wanakijiji, nyumbani kwao, kisha akarudi Nairobi kufundisha watoto wa chekechea. Nilimwona mara moja tu, sote tukiwa na miaka thelathini na kitu, soko la Burma. Alikuwa amesimama kwa muuza matumbo akijadiliana naye huku anacheka, na mtoto mgongoni, ambaye sasa nafikiri alikuwa Imali. Alikuwa amenenepa, amependeza. Nilifanya nini? Nilizunguka nyuma ya magunia ya viazi nikatoka kwa lango la upande wa pili, na nyama niliyoijia sikuinunua. Usiku huo tulikula mboga za sukuma tupu, na nilipoulizwa nikasema nyama ilikuwa mbaya.

Basi siku ya ibada nilivaa rinda jeusi nikaenda Kayole nikiwa nimeazimia. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi, pande mbili. Sukari, ufunguo, Rosemary, maneno yangu mawili. Nilikuwa nimejaribu kuyasoma kwa sauti mbele ya kioo na nilifaulu mara ya nne bila kusimama. Niliwaza watu watanizomea, au Imali ataniomba niondoke, na lolote kati ya hayo lingekuwa afadhali kuliko kuendelea kulibeba hili. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Watoto wa chekechea wa Kageha walikuwa wamepangwa mbele na sare zao za kijani, wakichezeana vidole. Jeneza lilikuwa na picha yake juu, anacheka vile vile alivyocheka Burma.

Imali alinipokea mlangoni akanipeleka moja kwa moja kwa nyanya yake. Mama yake Kageha alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umenyooshwa, leso begani. Urefu wote ulikuwa umekwisha, lakini sauti ilikuwa ile ile ya chini, na mikono iliyonishika ilikuwa na nguvu.

"Nyambura wa Bahati."

"Ni mimi, mama. Poleni sana."

"Keti hapa. Leo nakuona." Akanivuta nikapiga magoti karibu naye, asiachie mikono yangu. "Unajua nilimchapa, siku ile walirudi kutoka kambi. Barua ya mwalimu ilikuja, imesema mtoto ni mwizi. Nilimchapa mpaka jirani akaingia. Kisha nikamuuliza, kwa watoto wote hao, hakuna hata mmoja alijua ni chakula yako? Hakuna mmoja?" Alitikisa kichwa. "Akaniambia, mama, mmoja alisema. Nyambura alisimama akaambia mwalimu, ni chake, nilimwona akiweka. Lakini mwalimu alikataa kusikia mtoto. Hapo fimbo ilianguka. Nilisema, kama kuna mtu mmoja alisimama na huyu msichana, basi hakuiba. Na sijawahi kumshuku tena, mpaka juzi nikimfunga macho."

Nilielewa kwamba Kageha alirudi nyumbani siku ile, akapigwa, akaulizwa swali ambalo jibu lake la kweli lingemvunja mama yake pamoja naye, na akanichukua mimi, mimi kati ya wote, akanitengeneza kuwa yule mtu niliyekataa kuwa. Na akaendelea kunitaja hivyo kwa mama yake, na baadaye kwa watoto wake, miaka zaidi ya arobaini. Alikuwa na sababu ya kunichukia na akaitumia kunipa jina zuri ili mama yake apate kulala. Machozi yalinitoka, na mama yule akayafuta kwa leso yake, akifikiri anajua ni ya nini.

"Nimekuombea," akasema. "Kila mwaka. Sasa nenda mbele uwaambie, hawa watoto wasikie kwa mdomo wako. Mimi nimewaambia mpaka wamechoka."

Karatasi yangu ilikuwa kwenye mkoba. Mchungaji alitaja jina langu, Imali akaniletea maikrofoni, na watu wakageuza viti. Nilitazama picha, nikatazama wale watoto wa sare za kijani. Mama yake Kageha alikuwa ameinua kidevu, ameweka mkono nyuma ya sikio ili asikose neno. Nilikuwa nimeutamani mno ule uhuru wa kusema kweli, na nikaona ya kwamba nikiuchukua, nitamwacha mwanamke huyu na fimbo mkononi, mbele ya mtoto ambaye yeye mama hawezi tena kumwomba radhi.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Nilimwona akiweka."

Watu wakapiga makofi, na mimi nikasimama pale nikayapokea.